Mali Isiyoonekana Haiombwi

Jiwe lilipopotea mara ya kwanza, Ulimi alidhani ameibiwa, na jambo hilo lilimuuma sana, kwa kuwa katika ua ule mwizi pekee alikuwa yeye.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, mikono ya shati ameikunja, koti lake la suti amelitundika kwenye msumari mbali na matone. Mjane wa mtaalamu mmoja wa miamba alikuwa amempa kibarua cha kuosha mawe ya marehemu kabla hayajapelekwa kwenye shule iliyoyaomba. Mawe yalijaa masanduku: ya kijani, ya zambarau, mengine yanametameta kama magamba ya samaki. Ulimi alikwisha kuyapima yote kwa jicho la biashara na kuona hayana faida, maana yalikuwa mazito kuiba na magumu kuuza. Ndipo akachukua kipande kimoja cheupe, kikubwa kama limau, chenye ukunguukungu kama barafu iliyosahauliwa kwenye friji, akakitumbukiza majini. Kikatoweka.

Akatazama ndani ya beseni. Aliona maua yaliyochorwa chini yake, waziwazi, hadi majani. Akatazama nyuma yake. Akamtazama paka. Paka akamtazama yeye kwa dharau, kama shahidi anayejua atakayoyasema mahakamani.

Akaingiza mkono. Vidole vikagonga kitu kizito, baridi. Akakitoa: jiwe. Akalirudisha: hakuna jiwe. Kilichobaki majini ni kidoa kimoja cha kahawia, kidogo kama ushanga, kimening'inia peke yake kama jicho la mtu aliyekuja bila uso.

"Usishtuke, mwanangu," alisema mjane kutoka kwenye kigoda chake. "Hilo ndilo lililokuwa linamfurahisha marehemu. Kila mgeni aliyeingia hapa lazima apewe glasi ya maji, ahimizwe anywe, mpaka jiwe limgonge meno. Ndugu zangu waliacha kuja."

"Linaitwaje, mama?"

"Kriolaiti. Maana yake jiwe la barafu. Linatoka mbali, nchi za baridi kali. Mahali pengine duniani utalikuta punje punje tu. Machimbo makubwa hasa yalikuwa mahali pamoja tu, nayo yalichimbwa hadi yakaisha."

Moyo wa Ulimi ulipiga kofi. Machimbo yaliisha! Katika maneno yote ya lugha, hakuna linalopandisha bei kama *limeisha*.

"Sasa mbona halionekani?"

"Mwanga unapita ndani yake karibu sawa na unavyopita kwenye maji. Basi jicho linashindwa kujua maji yanaishia wapi na jiwe linaanzia wapi. Hicho kidoa ni madini mengine yaliyojipenyeza, ndiyo maana chenyewe unakiona."

"Basi ni mali hasa."

"Kwa wanaokusanya mawe, labda. Kwa wengine ni jiwe tu. Ni laini, hata sarafu inalikwaruza. Zamani viwandani walilitumia kuyeyushia udongo wa alumini, ile ya sufuria hizi. Siku hizi wanatengeneza la bandia. Na tafadhali usililambe wala usilitwange, lina floridi. Kidogo kwenye dawa ya meno, sawa. Nyingi, sumu."

Ulimi aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mwanafunzi mwema, huku moyoni akichambua. *Sufuria* akaitupa. *Sumu* akaitupa. *Sarafu inalikwaruza* akaitupa mbali kabisa. Akabaki na barafu, na nchi ya mbali, na machimbo yaliyokwisha. Ukweli kwa Ulimi ulikuwa kama kuku: hauliwi na manyoya.

"Na hili nalo linakwenda shuleni?"

"Wamelikataa. Mwaka jana niliwaazima, wakalimwaga pamoja na maji, shule nzima ikashinda inachokora mtaro. Likikufaa lichukue, liwe ujira wako."

Ulimi akajifanya anafikiri. Akakuna kidevu. Akashusha pumzi ya mtu anayeonewa. Kisha akavaa koti lake, akatia jiwe mfukoni, na kutoka kabla mjane hajabadili nia.

Hapa lazima lisemwe neno kuhusu koti. Jina alilopewa na mama yake, kabla hajaitwa Ulimi, watu walikuwa wamelisahau, na yeye mwenyewe hakuwa na haraka ya kuwakumbusha, kwa sababu wadai ni watu wenye kumbukumbu nzuri. Lakini koti walilijua. Lilikuwa la kijivu, la kitambaa cha sufu, lenye bitana ya hariri iliyochanika mahali ambapo hapaonekani. Bila koti, Ulimi alikuwa kijana mwembamba mwenye shingo ndefu na mashairi mengi. Ndani ya koti, alikuwa mkurugenzi. Wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza. Ndiyo kazi ya koti.

Na lazima lisemwe neno la pili, kuhusu cherehani, maana hadithi hii yote imening'inia kwenye uzi wake.

Ulimi alikuwa akiishi kwa dada yake, fundi wa nguo, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia: upande huu mkeka wa Ulimi, upande ule cherehani ya kukanyaga, nyeusi, ya chuma, iliyowalea wote wawili tangu wazazi walipofariki. Dada aliposafiri kwenda kumlea binti yake aliyekaribia kujifungua, alimwachia maneno machache mlangoni. "Mdogo wangu, nina sare za wanafunzi hapa nusu hazijashonwa. Ndizo chakula chetu. Nikirudi nikakuta cherehani haipo, usinitafute. Na mkeka wako usiutafute."

Ulimi aliapa kwa maneno mazuri mno kiasi kwamba dada alianza kuogopa.

Siku hiyo hiyo akapata wazo la kuuza miwani ya jua. Wazo lilikuwa zuri. Msimu ndio ulikuwa wa mvua. Alinunua sanduku zima, na mtaji aliupata kwa kuiweka cherehani rehani kwa Birika, mwenye duka la rehani. Sasa sanduku la miwani lilikuwa palepale dukani kwa Birika, likitunzwa kwa kuwa chumbani panavuja, cherehani ilikuwa dukani kwa Birika, na dada alitarajiwa mwisho wa wiki. Mtu mwingine angelala akilia. Ulimi alilala akitunga vina.

*

Birika alipata jina lake kutokana na mkono wake, ambao kwa kupenda kushika na kuchukia kuachia ulifanana na mkono wa birika. Duka lake lilikuwa kaburi la tamaa za mtaa: pasi, redio, baiskeli zilizotundikwa darini, na ukuta mzima wa saa, kila moja na ukweli wake. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mlango wenye pazia zito, na nyuma ya pazia palikuwa nyumbani kwake, mahali ambapo hakumkaribisha mtu, asije akaomba chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kulilia cherehani, lia upesi, nataka kufunga nikale."

"Sijaja kulia. Nimekuja kuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Mimi siendi popote. Umaskini wako ndio unaondoka."

Pazia likatikisika. "Upepo," alisema Birika. Siku hiyo hata jani la mti halikuwa limecheza, lakini Ulimi alikuwa amekwisha kupanda jukwaani, na msanii hahesabu mapazia.

"Niletee glasi ya maji, mzee."

"Una kiu?"

"Kiu unayo wewe. Mimi nimekuja kuikata."

Birika alileta glasi, akaitia maji kwa kipimo cha mtu anayemwaga damu yake. Ulimi akamwomba aijaze. Akatoa jiwe mfukoni, akaliinua kwenye mwanga, akafumba macho, akaimba kwa sauti ya chini:

*Limetoka baridini, mbali kusikofikika,*
*Ni barafu mkononi, ila haijayeyuka,*
*Ukilitia majini, machoni linatoweka,*
*Ni nani huyo, ni nani, asotaka kulishika?*

Kwenye neno *kulishika* akaliachia. Glasi ikafurika kidogo, kaunta ikalowa, na jiwe halikuwepo. Kilikuwepo kidoa cha kahawia tu.

Birika aliinama mpaka pua ikagusa glasi. Akazunguka upande wa pili. Akanyanyua glasi, akatazama chini ya kitako chake, kama mtu anayemtafuta mtoto chini ya kitanda.

"Liko wapi?"

"Ingiza mkono."

Akaingiza. Uso wake ukabadilika. Ulimi alikuwa amewahi kuona uso wa namna hiyo mara moja tu, kwa bwana harusi.

"Hicho kidoa ni nini?"

"Ni jicho lake. Maadamu unaliona jicho, ujue jiwe lipo. Mzee, machimbo yake yamekwisha. Dunia imebaki na vipande tu. Wafalme wa huko walikuwa wanaviweka kwenye bakuli la maji kando ya kitanda. Mwizi anaingia, anaona maji. Ndugu anaingia, anaona maji. Shemeji anaingia..."

"Shemeji," alirudia Birika kwa sauti ya kidonda.

"Shemeji anasema, nina shida. Wewe unamwambia, shemeji, nyumba hii ina maji tu, karibu unywe. Mzee, nisikilize vizuri, maana neno hili sitalirudia." Kweli hakuwa amelipanga, lilimjia palepale, kama mashairi yake yote mazuri na madeni yake yote mabaya. "Mali isiyoonekana haiombwi."

Saa zote ukutani zikagonga, kila moja saa yake.

"Mali isiyoonekana haiombwi," alisema Birika polepole, kama anayeonja asali. Kisha ubahili, ambao haulali, ukamzindua. Akalitoa jiwe, akachomoa sarafu, akalikwaruza. Mstari mweupe ukatokea.

"Linachubuka!"

Mjanja wa kawaida angekimbia hapo. Ulimi alimtazama Birika kwa huruma. "Mzee, mkono wa mfalme ni laini au mgumu?"

"Laini."

"Na wa mpasua kuni?"

"Mgumu."

"Basi. Vitu vigumu ni kokoto. Sasa umemjeruhi mfalme kwa sarafu, tena sarafu ndogo. Lirudishe majini haraka. Na nakuonya, usilitoe ovyo. Likipigwa na upepo linaona haya, na likiona haya linaanza kuonekana."

Birika akalirudisha mbio. Akapangusa sarafu kwenye suruali kana kwamba yenyewe ndiyo imechubuka. "Unataka nini?"

"Cherehani ya dada yangu tu. Mimi si mtu wa tamaa."

Jambo la ajabu ni kwamba kwa dakika ile aliposema hivyo, alijiamini kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kipaji chake: mtu wa kwanza kutapeliwa na Ulimi siku zote alikuwa Ulimi.

"Ngoja nikamuulize mke wangu," alisema Birika, akaingia nyuma ya pazia. Kukasikika minong'ono. Kukasikika kikohozi kilichokatwa katikati. Birika aliporudi alikuwa na sura ya mtu aliyemeza kitu kikubwa na sasa anakizuia kisirudi.

"Nimekubali. Kalete mkokoteni. Jiwe nitalitia kwenye chupa nzuri yenye mfuniko, lisione haya. Chupa itakaa hapa, cherehani itakaa pale. Ukija tunapeana, kila mtu na chake."

Ulimi alitoka akitembea kama wimbo. Kuliacha jiwe hakukumsumbua. Nani angemwibia mwizi jiwe la kuyeyushia sufuria?

*

Mwenye mkokoteni alikuwa amelala juu ya mkokoteni wake, kofia usoni.

"Bosi wangu, kuna mzigo. Cherehani, kutoka kwa Birika kwenda nyumbani."

Mtu huyo aliinua kofia kwa kidole kimoja. "Ileile niliyoipeleka?"

"Ileile."

"Kaka, hiyo cherehani inasafiri kuliko mimi. Na ile safari ya kwanza hujanilipa."

"Nitakulipa zote kwa pamoja. Mbili hulipwa kirahisi kuliko moja."

Mwenye mkokoteni alijaribu kulielewa jambo hilo, na kabla hajafika mwisho wake alijikuta anasukuma.

Walipokaribia duka, Ulimi alisikia sauti ya Birika kupitia dirishani. Alikuwa anaongea na simu, tena kwa heshima ambayo Birika hakuwahi kumpa binadamu aliye karibu. Ulimi akamfanyia mwenye mkokoteni ishara ya kunyamaza, akajibanza ukutani.

"Ndiyo, mheshimiwa... Jeupe, ndiyo... Lina jicho, hilohilo! Unasema umelitafuta nchi ngapi?... Gari? Gari zima, na magurudumu yake?... Hapana, bado halijawa langu rasmi. Kuna kijana mmoja, anakuja kulibadilisha na cherehani." Hapa Birika akacheka, na kicheko kile kilimchoma Ulimi kuliko sindano zote za dada yake. "Ndiyo, mheshimiwa, cherehani! Kuukuu! Hajui alichonacho, maskini. Wanamwita Ulimi. Ndiyo, ulimi tu, kichwa hakipo."

Ndani ya kifua cha Ulimi kulipigwa vita vifupi. Upande mmoja alisimama dada, na sare za shule, na mkeka. Upande mwingine lilisimama gari, na ndani ya gari Ulimi, na kiwiko chake nje ya dirisha. Vita vilikwisha kabla mwenye mkokoteni hajamaliza kupiga mwayo.

Aliingia dukani. Juu ya kaunta kulikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imejaa maji, mfuniko umezungushiwa nta. Ndani yake, katikati, jicho la kahawia.

"Mzee, nimeghairi."

"Neno ni neno, bwana mdogo. Cherehani yako hiyo hapo, chukua uende."

"Kaa nayo! Mimi nimelikumbuka jiwe langu. Ni urithi. Marehemu babu aliliacha."

"Ulisema wafalme."

"Babu alikuwa na nasaba."

Birika akaikumbatia chupa. "Mimi nimeshalizoea."

"Nakuachia cherehani moja kwa moja, haina kukombolewa tena."

"Hiyo ilikuwa hapa hata kabla hujaja."

"Na sanduku la miwani."

"Msimu ni wa mvua, kijana."

"Utakwisha msimu!"

Birika alishusha macho. Alikuwa anatazama koti. Alilitazama kwa upole, kama mtu anayetazama nyumba aliyozaliwa. Ulimi akajishika vifungo.

"Hapana."

"Sijasema kitu."

"Mzee, koti hili ni ngozi yangu."

"Basi kaa na ngozi yako. Mheshimiwa... ah, yaani, mke wangu amelipenda sana hili jiwe."

Ulimi alitoa mkono wa kwanza. Akasita. Akaliona gari, jekundu sasa, likimpigia honi. Akatoa mkono wa pili. Bitana ikachanika kidogo zaidi, kwa sauti ya kitu kinacholalamika. Akamkabidhi Birika koti huku ametazama pembeni, kama mzazi anayetoa mahari ya mtoto mkorofi.

"Ngoja nilitoe nilione kidogo," alisema, akishika mfuniko.

Birika akamkamata mkono. "Unataka lione haya? Maneno ni yako mwenyewe. Jicho si unaliona?"

Jicho aliliona. Na angesema nini? Mtu anaweza kubishana na uongo wa mwenzake; wake mwenyewe humfunga kama kamba. Akaikumbatia chupa, akatoka.

"Na mimi?" aliuliza mwenye mkokoteni.

"Wewe subiri," Birika alisema kutoka mlangoni. "Nina mzigo wako."

*

Njia fupi ya nyumbani ilikuwa na mashimo. Ulimi alishika ndefu, ya lami, ili maji yasitikisike. Alitembea kama bi harusi, hatua ya kuomba radhi baada ya hatua ya kuomba radhi, amevaa shati tu, shingo yake ndefu inaonekana na dunia nzima. Mara kwa mara alisimama kuchungulia. Kila akikanyaga, jicho lilicheza kushoto, likacheza kulia. Linanikonyeza, alijisemea, na kwa kuwa hakuwahi kushangaa kupendwa, naye akalikonyeza.

Mpango ulikuwa rahisi. Chupa aifiche chumbani, kisha arudi kumvizia mheshimiwa wa gari karibu na duka, amuuzie mwenyewe. Dada akirudi atakuta gari mlangoni. Nani hulia cherehani akiwa ndani ya gari?

Alipoingia uchochoro wa nyumbani akasikia sauti. Trrrrr-tak. Trrrrr-tak. Chuma kilichokuwa kikikwama kidogo mwisho wa kila mshono, kama mtu mwenye kigugumizi anayejitahidi kumaliza neno. Sauti hiyo ndiyo iliyombembeleza alipokuwa mchanga. Duniani kulikuwa na cherehani moja tu yenye kigugumizi kile.

Akasukuma mlango. Dada yake alikuwa ameketi mahali pake, miwani puani, miguu inakanyaga. Hakuinua uso.

"Umefika, mdogo wangu. Umebeba nini?"

"Maji," alisema Ulimi.

"Maji tu?"

Fahari ni ugonjwa. Angenyamaza, angebakiwa na nusu ya heshima. "Dada, ndani ya maji haya kuna gari."

"Nionyeshe."

Akavunja nta, akafungua mfuniko. Jicho likapanda pamoja na mfuniko. Ulimi aliinua, nalo likainuka. Alishusha, nalo likashuka, hadi likatoka majini likawa linabembea hewani, ushanga mdogo wa kahawia kwenye uzi wa nailoni. Akaingiza mkono mzima kwenye chupa. Akapapasa chini, akapapasa pembeni. Maji, na maji, na mwisho wa maji. Akautazama tena uzi, mahali ulipofungwa. Fundo lilikuwa dogo, lenye kitanzi kama sikio la panya. Fundo lile halikufungwa na fundi mwingine yeyote mtaani. Alikuwa amejifunza kufunga viatu kwa fundo lile.

"Ulirudi lini, dada?"

"Asubuhi. Mtoto amezaliwa, wote wazima, na mama mkwe wake amekuja kulea. Nikaona niwahi sare zangu. Nikakuta mahali pa cherehani pamebaki vumbi la pembe nne. Mtaa huu kitu kikipotea hakuna haja ya polisi, unakwenda kwa Birika. Nilikuwa nyuma ya pazia namsihi mkewe, mara nasikia: *Umaskini wako ndio unaondoka.*" Mguu ukasimama kukanyaga. "Nilijiuma mkono, mdogo wangu. Mpaka sasa una alama."

"Kwa hiyo Birika alijua."

"Nilimwambia, huyu akianza kutoa shairi, shika mfuko wako. Lakini alikuwa ameshalipenda jiwe. Akasema, mama, chukua cherehani yako, deni limekwisha, mimi niachie hili. Yangeishia hapo. Ungekuja na mkokoteni, ungebeba, tungecheka wote."

"Na simu?"

Dada akavua miwani. Hakuwa anacheka. "Simu ilikuwa wazo langu. Haina hata betri, imewekwa rehani tangu mwaka juzi. Nilitaka kujua jambo moja tu. Ukishaipata cherehani ya mama mkononi mwako, utaileta nyumbani, au utaiuza mara ya pili?"

Ulimi alifungua mdomo. Katika maisha yake yote mdomo ule haukuwahi kufunguliwa bila kutoka kitu. Hata alipozaliwa, wakunga walisema, alilia kwa vina. Sasa ulifunguka, ukakaa hivyo, ukafungwa. Maji yalimtiririka kutoka kwenye kiwiko hadi sakafuni.

Dada akavaa miwani, na mguu ukaanza tena. Trrrrr-tak.

"Wahenga walisema ulimi huponza kichwa," alisema. "Wako safari hii umeponza koti."

Ndipo Ulimi alipotazama kilichokuwa chini ya sindano. Kitambaa cha kijivu, cha sufu. Mishono ya pembeni ilikuwa imefumuliwa, na dada alikuwa anaongeza vipande, kushoto na kulia.

"Koti langu!"

"La Birika. Ana tumbo. Hilo sisi hatukulipanga, ulilitoa mwenyewe. Mtu mzima alikaribia kulia kwa furaha. Mwenye mkokoteni amelileta pamoja na mashine. Na amesema unadaiwa safari mbili." Akamsukumia kwa mguu rundo la mashati ya shule, na bakuli la vifungo juu yake. "Mkeka wako upo. Vifungo pia vipo. Kila shati lenye vifungo vyote, usiku mmoja wa kulala. Anza."

Ulimi akaketi. Akachukua sindano, akajichoma, akajichoma tena. "Dada," alisema mwishowe, "ila ule msemo ulikuwa mzuri. Mali isiyoonekana haiombwi."

"Mzuri," dada alikubali, bila kutaka. "Birika ameagiza niutarizi kwenye pazia lake. Ndicho kitu pekee chako chenye thamani, na umekigawa bure."

*

Siku zilizofuata Ulimi alishona vifungo mlangoni, palipo na mwanga, na kwa kuwa duka lilikuwa ng'ambo tu ya ile njia fupi ya mashimo, alimwona Birika kila siku. Alikuwa anasimama kwenye kaunta ndani ya koti la kijivu, mkurugenzi kamili, mbele yake chupa ya maji. Ndugu walikuja wakaona maji. Mashemeji walikuja wakaona maji, wakaondoka na shida zao. Hakuna aliyeomba.

Lakini mali isiyoonekana ina tabia moja ambayo hata Ulimi hakuitaja kwenye shairi: mwenyewe naye haioni. Jicho? Birika alikuwa ameona kwa macho yake jinsi jicho linavyotengenezwa kwa ushanga na uzi. Hakuliamini tena. Kwa hiyo kila baada ya muda mfupi alitazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mfuniko, akazamisha mkono hadi kiwiko, na koti lake, kupapasa kama mali bado ipo. Ilikuwepo. Akafunga. Akasubiri kidogo. Akafungua tena.

Ulimi alisimamisha sindano, akautazama ule mkono wa kijivu unaochuruzika maji.

"Dada. Kitambaa cha sufu kikiloa kila siku, hufanyaje?"

"Husinyaa," alisema dada. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Akalamba uzi, akautia kwenye tundu la sindano, akachukua shati lingine. Birika alikuwa na tumbo, Ulimi hakuwa nalo, na koti lilikuwa linaanza kukaza. Ulimi hakuwa na haraka. Vifungo vilikuwa vingi.